Safu Isiyovuka 59

Niliingiza pembe zote za upimaji mmoja katika programu ambayo haikuwa imepangwa kuzisoma kwa namna niliyoziandika. Nikachora ramani. Nikaikabidhi. Wakulima wa mpunga wakachimba mfereji kwa kuifuata, na maji yakagoma kwenda. Kosa lilikuwa langu. Nalieleza hapa kwa sababu mpimaji yeyote anayehamisha vipimo kutoka kwenye daftari kwenda kwenye kompyuta anaweza kulirudia kesho asubuhi.

Kazi ilikuwa katika skimu ndogo ya umwagiliaji wilayani Kilosa, mkoani Morogoro. Banio lilikuwapo tayari mtoni. Kilichohitajika ni ramani ya kontua ya eneo la kupitisha mfereji mpya hadi kwenye majaruba ya chini, ambayo maji hayakuwa yakiyafikia. Mashine ya kielektroniki ya kupima umbali ilikuwa kwa fundi, nikachukua tiodolaiti ya zamani na stafu yake, nikaamua kupima kwa stadia. Uamuzi huo siujutii. Ramani nyingi zilipimwa kwa njia hiyo kabla ya vyombo vyetu kuanza kutumia betri, na kwa ramani ya kontua inatosha kabisa ukiwa makini.

Kwa ambaye hajawahi kuitumia: ndani ya darubini ya tiodolaiti kuna mistari mitatu ya mlalo. Mwenzako anasimamisha stafu, ile fimbo ndefu yenye alama za sentimita, kwenye pointi unayoitaka, nawe unasoma namba inayokatwa na mstari wa juu, wa kati na wa chini. Tofauti ya juu na chini unaizidisha kwa 100, ambayo ndiyo namba ya kawaida ya vyombo hivi. Kwa kuwa darubini mara nyingi imeinama au imeinuka, unasoma pia pembe ya wima, na kwa saini na kosaini za pembe hiyo unapata umbali wa mlalo na tofauti ya kimo. Zamani watu walikesha na majedwali wakikokotoa pointi moja baada ya nyingine. Leo unajaza safu, unabofya, na kazi imeisha.

Tiodolaiti ile ilisoma digrii 90 darubini ikiwa mlalo kamili, na zaidi ya 90 ikitazama chini. Daftari langu lilikuwa safi. Nilipokaa kwenye kompyuta niliingiza pembe kwa mkato niliouzoea katika programu yangu ya zamani: digrii, kisha nukta, kisha dakika na sekunde zikifuatana. Digrii 91 na dakika 48 nikaziandika 91.4800. Programu ya zamani ilijua kwamba 48 ile ni dakika. Programu mpya ilikuwa imewekwa kusoma digrii za desimali, kwa hiyo ilichukua digrii 91 na sehemu 48 za mia. Lakini dakika 48 ni sehemu 80 za mia za digrii. Kwa programu, 91.48 ni pembe halali kama pembe nyingine yoyote, na haikuwa na sababu ya kunionya. Sehemu ya mipangilio ilikuwapo. Sikuifungua.

Nilifanya uhakiki, na hapo ndipo pa kuangaliwa zaidi. Nilichukua mstari wa kwanza wa daftari, nikaukokotoa kwa mkono, nikalinganisha na jibu la programu. Yalifanana hadi milimita. Nikaridhika, nikaendelea na safu zote zilizobaki. Ila mstari wa kwanza wa kituo, yaani wa kila mahali unaposimamisha tiodolaiti, ndio ule unaolenga alama ya nyuma, ambapo duara la mlalo umelipanga lisome sifuri, na siku ile, kwa kuwa ardhi pale ni tambarare, nilikuwa nimeisoma stafu darubini ikiwa mlalo kamili: digrii 90, dakika 00. Sifuri ni sifuri, uiite dakika au uiite desimali. Mstari ule ungefanana kwa mpangilio wowote. Nilijipa uhakika kwa kutumia pointi pekee ambayo isingeweza kunifichua.

Onyo la pili lilikuja na nikalizima. Pointi chache nilikuwa nimezipima kutoka vituo viwili kwa makusudi, ili kituo kimoja kishuhudie kingine. Kwa umbali wa pointi zile nilitarajia vimo vipishane sentimita chache. Vilipishana kwa sentimita 30, vingine 40. Badala ya kusimama na kujiuliza, niliamua kwamba kijana aliyekuwa akinishikia stafu hakuiweka chini vizuri, au aliiegemeza. Nilimwambia hivyo mbele ya wenzake. Akanijibu, “Kaka, stafu nimeiweka chini, na ilisimama wima. Kila pointi.” Sikumsikiliza. Katika kila jozi nilifuta kipimo kimoja, nikaacha kile kilichokaa vizuri na majirani zake. Ushahidi dhidi yangu niliufuta kwa mkono wangu mwenyewe. Programu ikapitisha kontua laini kati ya pointi zilizobaki, na ramani ikapendeza.

Kina cha kuchimba kwenye kila kigingi cha njia ya mfereji nilikitoa kwenye ramani hiyo: kimo cha ardhi, toa kimo cha sakafu ya mfereji. Nilipaswa kwanza kupitisha leveli, chombo cha kupimia vimo, kwenye vigingi vyote. Msimu wa kupanda ulikuwa unakaribia, watu walishapangiana zamu za msaragambo, nami niliiamini ramani. Wakachimba. Walichimba kwa majembe na sepeto, vizuri, kwa kina kile kile nilichowaandikia. Maji yalipofunguliwa kwenye banio yaliingia, yakatembea kidogo, yakatuama kwenye sehemu moja na kuanza kumwaga pembeni. Mama mmoja mwenye majaruba ya chini alinifuata akaniuliza, “Mwanangu, mbona maji yamelala?” Sikuwa na jibu.

Siku iliyofuata nilipitisha leveli, kigingi baada ya kigingi. Ardhi ya kweli ilikuwa chini kuliko ramani yangu. Mahali pamoja kwa sentimita 5, pengine kwa 20, pengine karibu nusu mita. Hakuna hata kigingi kimoja ambapo ardhi ilikuwa juu kuliko ramani. Jambo hilo lilinikosesha raha zaidi ya tofauti zenyewe. Mtu anayesoma kwa haraka hukosea huku na huku. Hawezi kukosea upande mmoja siku nzima. Nilifikiria kwamba huenda nilianza na kimo kisicho sahihi cha alama ya msingi. Lakini kosa la namna hiyo lingeinua ramani yote kwa kiasi kilekile, na hapa kila kigingi kilikuwa na kiasi chake.

Usiku nikiwa gesti nilifungua kompyuta na daftari, nikaviweka sambamba. Sikuwa najua natafuta nini. Nilishuka na kidole kwenye safu ya pembe za wima: 91.4800, 90.1220, 92.3540, 91.0640, 90.5910. Nikashuka hadi mwisho, nikarudi juu. Nikahamia safu ya pembe za mlalo. Baada ya nukta, namba zilipanda hadi 59, zikakoma hapo. Hapakuwa na 60. Hapakuwa na 75. Hapakuwa na 98. Kama zingekuwa desimali za kweli, karibu pembe nne katika kila kumi zingeangukia kati ya .60 na .99. Safu nzima ilikuwa inasema waziwazi kwamba hizi ni dakika, na nilikuwa nimeitazama mara nyingi bila kuisoma.

Nilichukua kalamu. Pointi ya 91.4800 ilikuwa na masomo ya stafu 1.875, 1.450 na 1.025. Tofauti ya juu na chini ni 0.850, mara 100 ni mita 85. Kwa digrii 91 na dakika 48, mstari wa macho unashuka mita 2.67. Kwa 91.48 ya desimali, unashuka mita 2.19. Sentimita 47 zilikuwa zimepotea kwenye pointi moja. Na nikaelewa kwa nini kosa lilienda upande mmoja: dakika zikisomwa kama sehemu za mia huwa ndogo kuliko zilivyo, kwa hiyo kila pembe ilipungua, na kwenye chombo kinachoanza kuhesabu kutoka juu, pembe ikipungua darubini inahesabiwa kama imeinuka. Ardhi yote ikapandishwa. Pale dakika zilipokuwa chache ilipanda kidogo, na pale zilipokaribia 59 ilipanda sana. Mlalo nao uliharibika, lakini nusu mita kwenye ramani ya moja kwa elfu ni nusu milimita, na si rahisi jicho kuigundua.

Mfereji ule ulisanifiwa ushuke sentimita 50 kwa kila kilomita. Sentimita 47 ni karibu mteremko wa kilomita nzima.

Kusahihisha kwenye kompyuta kulichukua dakika chache. Nilibadilisha mpangilio mmoja, nikarudisha vipimo nilivyovifuta, na zile pointi za vituo viwili zikakubaliana kwa sentimita chache. Stafu ilikuwa imewekwa chini, kila pointi, kama kijana alivyosema. Kusahihisha ardhini hakukuwa rahisi. Kila kipande kilichochimbwa kupita kiasi kilijazwa na kushindiliwa upya, kwa kiasi chake. Nililipa gharama hiyo kutoka kwenye malipo yangu, lakini siku za watu za msaragambo sikuweza kuzilipa. Majaruba ya chini yalikosa maji ya mfereji msimu ule, na wenyewe wakabaki kutegemea mvua. Nilisimama kwenye mkutano wa chama cha umwagiliaji nikaeleza kosa lilikotoka. Kijana nilimwomba radhi mbele ya walewale niliomlaumu mbele yao. Alinisamehe, lakini alishapata kazi kwingine na hakurudi kwangu. Hiyo ni haki yake.

Mwenzangu mpimaji, usijihakiki kwa mstari ambao hauwezi kushindwa. Mstari wa sifuri na tisini hauthibitishi chochote. Tafuta kwenye daftari pembe yenye dakika nyingi, 48 au 55, iwe kwenye mteremko na mbali na chombo, uikokotoe kwa mkono kabla ya kuingiza ya pili yake. Masomo yangu niliyoyataja hapo juu yatumie ukipenda: programu ikikupa mshuko wa mita 2.67, inasoma dakika zako sawasawa, ikikupa 2.19, simama hapohapo. Pima pointi kadhaa kutoka vituo viwili, na zikipingana usifute hata moja mpaka ujue sababu. Na kabla ya kumwambia mshika stafu kwamba amekosea, fungua mipangilio ya programu, kwa sababu yeye alikuwa pale kwenye pointi na wewe hukuwapo.