Kidimbwi changu na hesabu ya siku 24

Najua nimepotea. Wiki kadhaa sijaandika lolote kuhusu programu, na leo pia siandiki. Leo nazungumzia beseni.

Kazi ya mteja mmoja ilinichosha macho, nikaamua kutengeneza kitu kwa mikono. Ninaishi Kisumu, kwenye ploti ya nyumba nne zinazotumia uwanja mmoja. Nilichukua beseni la plastiki la lita 40, nikachimba shimo mbele ya mlango wangu, nikalikalisha juu ya mchanga na kulisawazisha kwa pimamaji. Ukingoni nikapanga mawe. Nikatia maji ya mfereji, yungiyungi moja lililopandwa kwenye kopo, na kijidaraja cha vijiti vya aiskrimu. Nilikipenda kidimbwi kile kuliko programu yoyote niliyowahi kuandika.

Siku ya 19 tangu nitie maji, mtoto wa jirani, wa miaka mitatu, alishikwa na homa. Alipopimwa akapatikana na malaria. Jioni mamake alisimama kando ya beseni, akatazama, akaenda zake bila kusema neno. Nikainama na tochi ya simu. Viluwiluwi! Vilikuwa vimelala sambamba na uso wa maji, na hiyo ndiyo alama ya Anopheles, mbu anayeeneza malaria. Vile vya Culex huning'inia kichwa chini.

Usiku huo sikulala. Nilifanya ninachofanya programu ikianguka: nikafuata nyayo za hitilafu tangu mwanzo. Yai huchukua kama siku 7 kuwa mbu kamili, tena kukiwa na joto. Mbu huyo lazima kwanza amnyonye mtu mwenye vimelea, kisha vimelea vikomae ndani yake kama siku 10. Akimuuma mtoto, homa nayo huchukua siku 7 au zaidi kujitokeza. Jumla siku 24, kwa haraka kabisa. Kidimbwi changu kilikuwa na siku 19. Nikashusha pumzi. Hitilafu haikutoka kwangu.

Asubuhi nikamweleza mamake hesabu ile, nikihesabu kwa vidole. Alinisikiliza mpaka mwisho, mtoto amelala begani.

"Nimesikia, kijana wangu," akasema. "Sasa unangoja hiyo siku ya 24?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekesha nikijitoa lawamani, na viluwiluwi bado viko pale nje vikinenepa. Kazini nawajua watu wa namna hii. Wanathibitisha kosa si lao, kisha wanaenda kunywa chai huku mfumo ungali umelala. Sikujua kwamba mimi ni mmoja wao.

Nilimwaga maji yote juu ya udongo mkavu, mbali na mtaro, viluwiluwi vikafa. Nikalisugua beseni kuondoa mayai. Nikajaza upya, nikayaacha maji siku mbili klorini itoke, yakiwa yamefunikwa kwa kipande cha chandarua. Kisha nikatia gapi watano, samaki wadogo wanaokula viluwiluwi kwa hamu. Juu nikafunga wavu wa waya, maana mtoto anaweza kuzama hata kwenye maji ya beseni. Hilo nalo sikuwa nimelifikiria.

Ukitaka kujaribu, usiwalishe samaki hao sana, kwa sababu wakishiba hawawindi. Chunguza maji kila baada ya siku tatu, ukiwa na tochi. Na kabla hujachimba, ongea na majirani. Shimo litakuwa mlangoni kwako, lakini mbu hulala popote.

Mtoto alipona. Siku hizi huja kila jioni kuhesabu samaki. Anafika tatu, kisha anaruka hadi kumi. Nami simsahihishi.