Mapumziko ya Mtafuta Elimu Ughaibuni



Yapo malalamiko ambayo hunifikia kila mara kutoka kwa wazazi wenye watoto wanaosoma nje ya nchi, iwe ni Madina, Kairo, Istanbul au Kuala Lumpur. Mzazi amehangaika kutafuta nauli, jamaa wamechanga, na pengine mama ameuza bangili zake za dhahabu. Kisha siku moja anafungua simu na kuona picha ya mwanawe yuko ufukweni na wenzake, wamelizunguka sinia la samaki, wanacheka. Roho humsononeka, akauliza: “Maalim, mtoto nimempeleka kusoma ama kustarehe?”

Swali hilo si la kudharauliwa, kwani anayeuliza ametoa jasho lake. Nimelijibu kwa mdomo mara nyingi, na leo napenda kulijibu kwa kalamu. Mimi pia nilikuwa mwanafunzi ughaibuni, na safari moja ya mwisho wa wiki ilinifaa kwa namna ambayo hata sasa naiona baraka yake.

Nilisoma Madina mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichoasisiwa mwaka 1961. Mabwenini tuliishi vijana wa kila rangi na kila lugha, na kuwa jirani na Msikiti wa Mtume (rehma na amani zimshukie) ni neema isiyo kifani. Lakini neema haimwondolei mtu ubinadamu wake. Mimi ni mzaliwa wa pwani, niliyekua nikisikia maji yakijaa na kupwa. Madina iko bara, imezungukwa na majabali na nyanda za mawe meusi ya volkano, na hewa yake ya kipupwe ni kavu hata midomo hupasuka. Siku hizo simu ilikuwa ghali, na barua ya nyumbani ilichukua majuma kadhaa kufika.

Katika mwaka wangu wa pili nililetewa barua kwamba mama ni mgonjwa. Barua iliyofuata ilichelewa. Nikawa nafungua kitabu na kukifunga bila kukumbuka nilichokisoma, na somo la nahau, nililolipenda kuliko yote, likawa mzigo. Hatimaye niliandika ombi la kuacha masomo nirejee nyumbani, nikaliweka ndani ya daftari nikingoja siku ya kulipeleka.

Mwenzangu mmoja, Mngazija aliyenitangulia miaka miwili, aliniona nimekonda. Akaniambia, “Ndugu yangu, mimi na wewe ni watu wa bahari, na tumekaa sana mbali nayo. Jumatano tunakwenda Yanbu, na wewe umo.” Wakati ule mapumziko ya wiki nchini Saudia yalikuwa Alhamisi na Ijumaa, yalibadilishwa kuwa Ijumaa na Jumamosi mwaka 2013. Tulichanga kutoka katika posho ya kila mwezi, tukakodi gari dogo, nasi tulikuwa sita: Wangazija wawili, Mnigeria, Mwindonesia, kijana wa Burkina Faso, na mimi.

Tulitoka Jumatano baada ya darasa la mwisho. Yanbu ni bandari ya kale ya Madina kwenye Bahari ya Shamu, safari ya zaidi ya kilomita 200. Tulipita njia ya Badr, ambako Waislamu waliokaribia 313 walikabiliana na Makureshi wapatao 1,000 katika Ramadhani ya mwaka wa 2 Hijria. Tulisimama kuwatolea salamu mashahidi 14 wa vita hivyo, 6 katika Muhajirina na 8 katika Ansari. Vita hivyo nilikuwa nimevisoma darasani na kuvifanyia mtihani. Lakini niliposimama juu ya mchanga wake na kuona ulivyo mbali na Madina, ndipo nilipofahamu maana ya kutembea masafa yale kwa kupokezana ngamia wachache.

Yanbu tulifika usiku. Asubuhi tulitembea mji wa kale, na moyo wangu ukashtuka. Nyumba zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, kama zile za Lamu na Mombasa ya kale, na madirisha ya mbao yaliyotokeza nje ya ukuta wenyewe waliyaita rawashin. Neno hilo ni letu pia, kwani nasi husema roshani. Nilisimama mbele ya ukuta mmoja uliokuwa ukimomonyoka, nikaupapasa kwa mkono, nikahisi nimekaribia kwetu.

Tulipofika ufukweni, kijana wa Burkina Faso alisimama kimya. Hakuwa amepata kuiona bahari maishani mwake. Aliinama, akateka maji kwa kiganja, akaonja, akayatema huku akicheka. Kisha akatusomea kwa moyo hadithi ya kwanza ya kitabu cha Bulugh al-Maram, ile inayoeleza kuwa maji ya bahari ni twahara na kwamba kinachofia humo ni halali. Alikuwa ameihifadhi tangu utotoni, katika kijiji kisicho na pwani. Alisema, “Leo nimeijua kwa ulimi.”

Mimi nilikaa kungojea maji yapwe, lakini hayakupwa. Bahari ya Shamu ina kujaa na kupwa kidogo mno, si kama huku kwetu ambako maji yakitoka huacha mwamba wazi. Nilioga, nikalala juani, nikaamka nikaoga tena. Adhuhuri tulisali pamoja na Alasiri kwa kujumuisha na kufupisha, kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Baadaye tulinunua tewa, wakatupikia kwa sayadiyya, wali wa vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vya hudhurungi. Tukala mkono mmoja mmoja kutoka sinia moja.

Baada ya kula ndipo maneno yalipotoka. Niliwaeleza habari ya mama. Mnigeria akasema baba yake alifariki yeye akiwa katika mitihani, na habari zilimfika baada ya arubaini. Mwindonesia alikuwa na miaka minne hajaiona nyumba yao. Tulikuwa tumelala chumba kimoja na kusali safu moja, na hakuna aliyekuwa akijua mzigo wa mwenzake. Darasani hakukuwa na nafasi ya kusemezana hayo, na usiku kila mmoja alikuwa na kitabu chake.

Tulirudi usiku wa Ijumaa ili tuidiriki Sala ya Ijumaa katika Msikiti wa Mtume. Lile ombi sikulipeleka. Badala yake nilimwandikia mama juu ya Yanbu, nikamweleza kuhusu roshani, samaki, na bahari isiyokupwa. Jibu lilikuja kwa mwandiko wa dada yangu. Mama alikuwa amepata nafuu, naye aliuliza: ikiwa bahari ya huko haipwi, wanawake wake huenda kuokota chaza saa ngapi? Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Miaka iliyobaki niliimaliza, alhamdulillahi, na mama alikuwako siku niliporejea.

Ndugu zangu, dini yetu haikumuumba mwanafunzi kuwa jiwe. Katika Sahihi Muslim imo habari ya sahaba Hanzala, aliyejihofia unafiki kwa sababu akiwa mbele ya Mtume moyo wake hulainika, na akirudi kwa mke, watoto na mashamba husahau mengi. Mtume alimtuliza kwa kumfahamisha kuwa moyo una wakati wa hili na wakati wa lile. Na Bibi Aisha (radhi za Allah zimshukie) ametusimulia kuwa walipokuwa safarini Mtume aliwaambia watu watangulie, kisha akashindana naye kwa mbio. Safari hiyo ilikuwa na mazito yake, lakini walipata nafasi ya kukimbia na kufurahi.

Hata hivyo mapumziko yana adabu zake, na hapa nasema na wanafunzi. Sala isipotee. Wenzako wawe watu ambao hutaona haya kumtajia mama yako majina yao. Fedha ya karo isiguswe. Nenda kwa ulichokiweka kidogo kidogo. Mtihani ukikaribia, safari ingoje. Kwa mabinti zetu, suala la safari na mahram lina hukumu zake, basi waulize wanavyuoni na kushauriana na wazazi kabla ya kutoka. Na picha si lazima kila mtu aione. Aliyebaki nyumbani akihesabu shilingi ana moyo pia.

Nanyi wazazi, msimpime mtoto kwa picha moja. Mtazameni katika matokeo yake, katika sala zake na katika ulimi wake anapozungumza nanyi. Ikiwa hayo ni mazima, siku mbili za ufukweni haziliharibu shamba mlilolipanda. Aogopewe zaidi yule asiyetoka chumbani, asiyesimulia lolote, ambaye kila akipigiwa simu husema, “Niko salama, mama,” kisha akakata. Huyo ndiye wa kuulizwa mara ya pili, na ikibidi ya tatu, kwa upole.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walioko mbali, awape elimu yenye manufaa na wenza wema, na awarejeshe kwetu wakiwa salama. Amin.

Wabillahi tawfiq.