Kabureta ya Milimani

"Shikamoo, mzee. Tundu la kuchomekea mashine liko wapi?"

Kijana wa gereji, pale Soweto, Mbeya, alikuwa amejikunja chini ya usukani wa Land Rover yetu, waya mkononi, anapapasa. Nikamwambia gari hili halina tundu. Akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayemvumilia mzee, akaendelea kupapasa. Ukaguzi wa gari ulikuwa wiki ileile, moshi ulikuwa mweusi tii, naye alitaka mashine imtajie ugonjwa. Nikafunua boneti, nikamwonyesha kabureta. Akauliza kama hiyo ndiyo pampu ya breki.

Kadi ya gari inasema lilitengenezwa 1974, na jina la baba liliingizwa 1983. Mama anakataa katakata. Anasema lilifika nyumbani kabla ya hapo, likiwa bado na namba za SU za shirika la umma lililoliuza, na kwamba Jumapili lilipofika baba alilazimika kuliegesha kabla ya saa nane mchana kama watu wote, kwa ile marufuku ya kuendesha Jumapili alasiri. Nilipekua makaratasi jioni nzima, nikaachana nayo. Lilikuja, likakaa.

Aliyelilea ni fundi wa Mlandege, Iringa. Alikuwa na benchi moja chini ya mkaratusi, kwenye uwanja wa vumbi jekundu, na harufu ya pale ninayo hadi leo: petroli, sabuni ya kipande na ulanzi uliochacha tangu jana. Usipoanza na "Kamwene", hainui uso. Akishaitika, anang'oa kabureta, anaifumua, vipande vyote ndani ya kopo la petroli, kisha anasugua kwa mswaki. Jeti, kijitundu kinachopitisha petroli, hakuizibua kwa waya wa chuma hata siku moja. Alichuna waya wa umeme, akachomoa uzi mmoja wa shaba, akaupitisha tunduni taratibu, halafu akainyanyua jeti juani na kufumba jicho moja. Chuma kinapanua tundu, alisema, na likishapanuka umekaribisha moshi nyumbani. Flota aliitikisa sikioni. Akisikia kitu kinacheza ndani, ujue imetoboka na imemeza petroli, haielei tena inavyopasa, kwa hiyo bakuli la kabureta linajaa kupita kiasi. Aliitumbukiza kwenye maji ya moto aone mapovu yanatokea wapi, akaikausha kabisa, akaziba kwa lehemu.

Vijana wa Dar es Salaam hawakumwelewa. Gari lililotyuniwa pwani, likapanda Kitonga, lilifika Iringa linakohoa, na wenyewe wakalaumu petroli ya njiani. Iringa iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Mbeya takriban 1,700. Hewa ya huku imepungua uzito kwa karibu sehemu moja ya sita ukilinganisha na ya pwani, lakini jeti inaendelea kumwaga petroli kana kwamba gari liko Kariakoo. Petroli inazidi hewa, inaungua nusunusu, plagi zinavaa masizi, na ekzosi inatema weusi. Fundi alifungua plagi na kuzisoma. Nyeusi, jeti ni kubwa mno. Nyeupe, injini ina njaa na itaungua valvu. Alitaka kahawia ya biskuti. Nasi tuliokuwa tukienda Mbeya tulijua kwamba injini iliyonung'unika Mafinga itachangamka ikishuka Igawa, kisha inune tena ikipanda kuelekea Uyole.

Mkaguzi wa magari enzi hizo hakuwa na kipimo chochote. Alisimama nyuma ya ekzosi akaamuru, "Kanyaga resi." Moshi mweusi, petroli inazidi; wa bluu, oili inaungua, ringi zimekwisha; mweupe usiokoma, maji yanaingia kwenye silinda. Kulikuwa na mmoja aliyeshika leso nyeupe mdomoni mwa bomba, kisha akamwonyesha dereva bila kusema neno. Usiku wa kuamkia ukaguzi, fundi alikaza skrubu ya mchanganyiko kidogo, akasafisha chujio la hewa, akatuamuru tufike injini ikiwa ya moto. Tukishabandikiwa stika ya Nenda kwa Usalama tulirudi kwake aifungue tena ile skrubu, maana kwa ubahili ule gari lisingevuta gunia la viazi. Ni udanganyifu, ndiyo. Lakini ni udanganyifu wa mtu aliyejua anachokidanganya.

Wala tusijidharau kwa kupima kwa macho. Uingereza kwenyewe, gari la petroli lililoanza kutumika kabla ya Agosti 1975, likipelekwa ukaguzi, hupimwa moshi kwa kutazamwa tu. La baada ya hapo, hadi 1986, huruhusiwa kaboni monoksaidi asilimia 4.5, na lililofuata, hadi 1992, asilimia 3.5.

Baadaye mambo yalikwenda mbio. Zikaja Toyota za mtumba zenye EFI badala ya kabureta. Petroli yenye risasi ikaondoka kufikia 2006, wazee wakaomboleza siti za valvu zao zilizopoteza kinga yake. Zikatoka kanuni za ubora wa hewa za 2007, ambazo zinataja na magari. Fundi wa Mlandege alikuwa ameshafariki, mkaratusi umekatwa. Katika mji mmoja wa njiani niliwahi kuuziwa stika na mtu ambaye hata hakuinuka kitini. Lori lililokuwa mbele yangu lilikuwa limefunika barabara nzima kwa moshi, nalo likapata stika.

Yule kijana wa Soweto, nikiri, ana mikono mizuri. Nilimwonyesha uzi wa shaba, akashika upesi. Kilichotushinda ni jeti. Tulinunua mpya Mwanjelwa, namba iliyogongwa juu yake ni ileile ya zamani, lakini uzi uliokuwa ukipita kwa shida kwenye ya zamani uliogelea ndani ya hii mpya. Niliirudisha. Mwenye duka akasema jeti zote ni sawa, mzee, tatizo ni gari lako. Tukairudishia ya zamani, tukaenda kukaguliwa nayo.