Redio ya Mtumba: Kutoka Kibokoni hadi Mwembe Tayari



Jumamosi iliyopita, saa tatu za asubuhi, nilitoka nyumbani Kibokoni kwa miguu, mfukoni nina shilingi 4,000 na kipande cha karatasi alichoniandikia fundi. Haja yangu ilikuwa moja tu: kutafuta redio ya mtumba itakayolingana na gari la madrasa yetu.

Gari lenyewe ni Toyota HiAce iliyoundwa mwaka 1998. Siku nyingine huwachukua watoto, na kila Jumanne huwavusha kina mama feri kwenda darsa Likoni. Anayeijua foleni ya feri ataijua pia thamani ya redio. Hapo ndipo kina mama husikiliza mawaidha, salamu na matangazo ya vifo. Redio ilipokufa, Jumanne ya kwanza tu bibi mmoja alipitwa na tangazo la maziko ya sahibu yake wa utotoni. Tuliporudi kisiwani, maiti alikuwa ameshazikwa. Bibi hakumlaumu mtu. Aliniambia tu, "Sheikh, kitafutieni sauti chombo hiki." Maneno hayo ndiyo yaliyonitoa nyumbani.

Nilishika njia ya Langoni, nikapita Marikiti penye harufu ya iliki na bizari, nikavuka Digo Road na kuingia Biashara Street. Wanawake walikuwa wakichagua leso, na kila mmoja akilisoma jina kabla ya kuuliza bei. Nilipofika Mwembe Tayari na kuziona redio zimerundikwa juu ya meza kama samaki, nilifahamu kwamba nazo zataka kusomwa kabla ya kununuliwa. Nikaifungua karatasi ya fundi.

La kwanza lilikuwa ukubwa. Redio nyembamba ya kawaida ina upana wa milimita 180 na kimo cha 50, na ile nene ina kimo cha 100. Magari mengi ya Toyota yaliyoundwa kwa soko la Japani yana nafasi ya milimita 200, kwa hiyo redio ya 180 huacha mwanya pande zote mbili, na hutakiwa vipande vya plastiki vya kuuziba.

La pili ni umeme. Gari letu hutumia volti 12, lakini malori na mabasi mengi hutumia 24. Redio iliyotolewa kwenye lori haifai kwetu, na ya kwetu ikitiwa kwenye lori bila kipunguza umeme huungua.

La tatu ni masafa, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha zao. Redio za zamani zilizoundwa kwa matumizi ya Japani hushika FM kuanzia 76 na hukomea 90. Kwetu FM huanzia 87.5 na kufika 108. Basi redio yaweza kuwa nzima, nzuri, yang'aa, na isishike vituo vyetu vingi. Kuna kijisanduku kinachofungwa kwenye waya wa antena ili kuyashusha masafa, lakini mara nyingi sauti hukwaruza.

La nne ni plagi. Kila kampuni ya magari ina plagi yake. Fundi alisisitiza nichukue redio pamoja na plagi na waya zake, kwani waya mmoja huleta umeme wakati wote ili redio isisahau vituo, na mwingine huleta umeme ufunguo ukizungushwa tu. Ukiwabadilisha, redio husahau vituo kila unapozima gari, au hata betri ikalala.

Kijana mmoja alinipa redio safi kwa shilingi 1,500. Aliiunga kwenye betri, ikasema kwa sauti nyororo. Ukubwa wake sawa, umeme sawa, masafa yafika 108. Nilikuwa nimeshatoa fedha nilipoigeuza nyuma. Haikuwa na plagi. Waya zilikuwa fupi kama kidole, zimekatwa ovyo, huu mrefu huu mfupi, kama zilizokatwa gizani.

"Plagi yake iko wapi, mwanangu?"

"Sheikh wangu, waya ni waya. Fundi ataunga."

"Na ilitoka gari gani?"

Akatazama kando.

Nakiri mbele yenu, wasomaji. Kwa muda wa kuhesabu noti tatu za mia tano, moyo wangu ulikuwa umeshatafuta udhuru: si yangu, ni ya madrasa; wala sikumwona mtu akiiba. Najua sheria ya Kenya yaweza kumfunga mpokeaji wa mali ya wizi hadi miaka 14. Lakini si sheria iliyonirudisha. Niliziwaza ncha za pili za waya zile, zilizobaki zikining'inia ndani ya gari la mtu mwingine, pengine dereva anayelisha watoto kwa gari hilo. Nikamrudishia kijana redio yake, nikaondoka bila ya kumhukumu, kwani sikuwa na ushahidi. Nilikuwa na shaka tu, na shaka yanitosha kwa kujizuia.

Duka la tatu lilikuwa la mzee mmoja auzaye vipuri vya magari yaliyopata ajali. Alinitolea redio ya HiAce iliyogongwa. Plagi yake ilikuwa nzima, na vipande vya pembeni vilikuwapo. Bei yake shilingi 3,200. Sikupunguziwa hata thumuni. Lakini aliniandikia risiti, akatia jina lake, nambari yake ya simu na nambari ya gari ilikotoka. Fundi aliifunga Jumatatu kwa muda mfupi, bila ya kukata waya hata mmoja.

Jumanne tulikuwa tena kwenye foleni ya feri. Matangazo ya vifo yalisomwa, na gari zima likanyamaza. Yalipokwisha, yule bibi aliinama mbele akaniuliza, "Sheikh, hii imetoka wapi?"

Nilikuwa na jibu la kumpa, na nilimpa.