Mgeni Asipite tu Singida

Ukisafiri kwa basi kutoka Dodoma kwenda Mwanza, unapita Singida. Karibu na mji unaanza kuona mawe. Ni mawe makubwa kama nyumba. Mengine yamepandana, utadhani yamepangwa na watu. Kisha unaona maji. Hilo ni Ziwa Singidani. Ziwa la pili mjini hapo linaitwa Kindai.

Maji ya Singidani yana chumvi. Lakini maji hayo huwaleta heroe. Heroe ni ndege wenye miguu mirefu na rangi ya waridi. Rangi hiyo huipata katika chakula chao, yaani mimea midogo sana inayoota katika maji ya magadi. Leo wako Singidani, kesho wamehamia ziwa jingine. Wakitaka kutaga mayai huenda Ziwa Natron, mkoani Arusha.

Wako watu wanaovuka bahari kuja kutazama ndege kama hao. Je, abiria wa basi hufanya nini Singida? Hununua kuku wa kienyeji, labda na dumu la mafuta ya alizeti. Basi linaondoka. Kuku wa Singida ni mtamu, sikatai. Lakini mgeni akilala usiku mmoja tu, atalipia kitanda, chakula, pikipiki na asali. Halali kwa sababu hajui kuna nini.

Siku hizi iko kazi inayoitwa utalii mahiri. Maana yake, mji unaeleza mambo yake katika simu: ramani, picha, bei ya chumba, mtu wa kuwaongoza wageni, na njia ya kulipa. Umoja wa Ulaya uliipa tuzo ya mwaka 2019 miji ya Helsinki, nchini Ufini, na Lyon, nchini Ufaransa, kwa kazi hiyo. Mjini Lyon mgeni hununua kadi moja. Kwa kadi hiyo huingia makumbusho na kupanda mabasi ya mji. Mabasi hayo ndiyo wanayopanda wenyeji. Basi likitengenezwa vizuri kwa ajili ya mgeni, mwenyeji naye amepanda basi zuri.

Singida haianzi na mikono mitupu. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na leo hata mama lishe hupokea malipo kwa simu. Shida ni nani ataandika habari za mji. Akiandika mtu wa mbali, ataitaja hoteli kubwa tu. Muuza asali hatajulikana. Afadhali wakazi wa mitaa wakutane, wapatane bei, kisha vijana wao waandike.

Tena kuna habari ya mawe. Wapo watu wanaoyavunja wapate kokoto. Siwalaumu, wanatafuta chakula cha watoto. Lakini jiwe likivunjwa limekwisha. Na mvunja kokoto asiyeona hata shilingi moja ya mgeni, kwa nini aliache jiwe? Huyo aitwe mkutanoni kwanza. Anajua njia za kupanda mawe hayo kuliko mtu wa ofisini, na anaweza kulipwa kwa kuwaongoza wageni.

Heroe nao hawana ratiba. Anayekaa kando ya ziwa akiwaona asubuhi, apige picha aitume saa ile ile. Kutoka Dodoma ni kiasi cha kilomita 240 za lami. Mgeni akiondoka mchana, atawakuta kabla jua halijazama.