Ramani Yenye Kimo: Ardhi ya Kisii na Nyamira Kwenye Kiwambo cha Tarakilishi

Wahenga walinena kuwa milima haikutani, binadamu hukutana. Laiti wangalifufuka leo na kuketishwa mbele ya tarakilishi, huenda wangaliutia msemo huo kiraka. Kwenye kiwambo, mlima wa Manga na vilima vya Sameta hukutanishwa kwa kidole kimoja. Mtazamaji huinamisha ardhi, huizungusha na kuishukia kama mwewe. Hata hivyo, kuona mlima si kuujua, na haya yalidhihirika katika boma moja lililo chini ya genge la Manga.

Kijana mmoja, mwanafunzi wa jiografia, alirejea nyumbani likizoni na kipakatalishi begani. Aliikuta familia imegawanyika. Shamba la marehemu babu yake lilikuwa ukanda mwembamba ulioanzia barabarani, juu mgongoni mwa kilima, ukateremka hadi kijito cha bondeni. Ami zake wawili walitaka kuligawa. Pendekezo lililokuwa mezani lilikuwa jepesi: likatwe katikati kwa upana, mkubwa achukue nusu ya juu, mdogo achukue nusu ya chini. Ekari zilikuwa sawa kwa sawa. Aliyekataa ni Magokoro, yaani nyanya yake kijana. "Baba, hesabu si imetimia?" wanawe walimwuliza. (Msomaji asishangae: katika Ekegusii, "baba" ndiye mama na "tata" ndiye baba.) Bibi kizee hakuwa na hesabu ya kuwajibu. Alikariri tu kwamba ardhi haigawanywi hivyo.

Karatasi ilikuwa upande wa wanawe. Ramani bapa hupima umbali wa mlalo, kana kwamba nchi yote ni meza. Mahali penye mteremko wa nyuzi 30, mita 100 za ramani ni takriban mita 115 kwa mguu wa mwenye kupanda na mzigo kichwani. Ramani rasmi za Kenya za kipimo cha 1:50,000 huonyesha kimo kwa kontua, lakini kontua ni fumbo, na fumbo humfumbia asiyefunzwa kulifumbua. Kwa mtu wa kawaida, shamba la kilimani na shamba la tambarare hufanana karatasini kama shilingi kwa ya pili.

Ramani ya vipimo vitatu, yaani urefu, upana na kimo, ilikuja kuliondoa fumbo hilo. Mnamo Februari 2000, chombo cha anga Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikiipima kwa rada. Kazi hiyo ilizaa jedwali kubwa la tarakimu, kila tarakimu ikiwa kimo cha kipande kimoja cha nchi. Mwaka wa 2005 programu ya Google Earth iliwafungulia raia wa kawaida mlango wa kuitazama dunia kwa namna hiyo. Kisha mwaka wa 2011 kukatolewa kanuni za WebGL, zinazokiwezesha kivinjari chenyewe kuchora maumbo yenye kimo bila ya programu nyingine. Tangu hapo, picha ya setelaiti hutandikwa juu ya tarakimu za vimo kama shuka juu ya kitanda kisicho sawa, na mtumiaji akaamua atazame kutoka wapi.

Jioni hiyo kijana aliwaita wote, akakifungua kipakatalishi. Alipoitazamisha ramani wima kutoka juu, mashamba ya kijiji yalionekana kama nyuzi zilizopangwa bila mantiki. Alipoiinamisha, kilima kikainuka, na kila uzi ukashika maana yake: ulianzia mgongoni, ukapita ubavuni, ukaishia majini. Magokoro, aliyekuwa kimya, alisogeza kigoda. "Sasa umepanda Manga," akasema. Akaanza kueleza kwamba waliogawa zamani walitaka kila mtoto apate njia juu, apate ubavu wa migomba na mahindi, na apate bonde lenye maji. "Mkilikata kwa upana, mmoja atakunywa kwa ruhusa ya mwenzake, na mwingine atatoka kwenda sokoni kwa ruhusa ya mwenzake. Na mvua ikinyesha, udongo wa aliye juu utahamia kwa aliye chini. Hapo mtashtakiana hata kwa matope."

Kijana, kwa furaha ya kuushinda mjadala, aliongeza chumvi. Programu nyingi za namna hii humruhusu mtumiaji kuzidisha kimo, naye akakizidisha mara tatu. Kilima kikachongoka kama mkuki. Magokoro akacheka hadi akajifuta machozi. "Hapa si kwetu, mjukuu wangu. Hapa hata mbuzi angeanguka." Mwanafunzi wa fasihi atalitambua jambo hilo mara moja: ni chuku. Ramani nayo ina tamathali zake na ina msimulizi wake, na msomaji asiyelijua hilo hupotoshwa huku akidhani ametazama ukweli wenyewe.

Si chuku pekee iliyo kasoro. Tarakimu za vimo zilizotolewa kwa Afrika mwaka wa 2014 zina kipimo cha mita 30, yaani kila kipande cha takriban mita 900 za mraba kina tarakimu moja. Robo ekari ni kama mita 1,012 za mraba. Hivyo, urithi mzima wa mtu Gusii waweza kumezwa na tarakimu moja au mbili. Isitoshe, rada ile haikupenya vyema msitu mzito; penye mikaratusi, huenda ilipima vilele vya miti ikadhani ni ardhi. Ramani inayolionyesha genge lote la Manga haiwezi kuamua mpaka wa ndugu wawili.

Wala hekima ya wazee haikosi mashaka. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, wastani wa watu 957 kwa kila kilomita mraba. Nyamira ilikuwa na watu 605,576, wastani wa 675. Ukanda ukigawanywa kwa urefu kizazi baada ya kizazi, hatimaye hubaki njia ya mguu. Ami mkubwa alilisema hilo waziwazi, na Magokoro hakulipinga. Asubuhi yake alichukua bakora, akawatembeza wanawe kutoka barabarani hadi kijitoni, akiwatajia kila jiwe na kila chemchemi. Waliporudi walikuwa wamekubaliana: shamba ligawanywe kwa urefu, na njia moja ya kushuka mtoni iwe ya wote wawili, ili pasipotee upana kwa njia mbili.

Kijana aliketi tena mbele ya ramani akayatafuta majina aliyoyasikia njiani. Hakuliona hata moja. Hapo ndipo penye kazi ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Tarakilishi imejua vimo vya Gusii. Haijajua majina yake, na wenye kuyajua hawaishi milele. Aidha, lugha haina haja ya kuona haya mbele ya taaluma hii. Data hupangwa ramanini tabaka juu ya tabaka, nalo neno hilo limo Kiswahilini tangu zamani; na huko Kisii, Tabaka ni pale wachongaji wanapolitoa jiwe la sabuni ardhini. Mteremko, genge, ubavu, mgongo na bonde ni istilahi zilizokwisha iva. Zinasubiri wa kuzipakua, naye atahitaji kipakatalishi mkono mmoja na, kabla jua halijatua, bakora ya Magokoro mkono wa pili.