Fomu ya Mjomba

Juma lililopita nilipanda gari-moshi kutoka Mombasa hadi Nairobi, kisha matatu ya Barabara ya Outering, nikateremka Kariobangi kwa dada yangu. Ana watoto saba, watano kati yao wamekwisha kubalehe, na wote wamo katika vyumba viwili vya ghorofa ya nne. Chini, mafundi wa jua kali hugonga mabati tangu asubuhi.

Sijavua viatu, kijana wa pili akaniuliza, "Mjomba, fomu ni gani?"

Nikapapasa mifuko. "Mwanangu, fomu za hospitali nimeziacha Mombasa."

Wasichana wakaangua kicheko hata chai ikamwagika. Kumbe kwa Sheng ya Eastlands, fomu ni mpango wa siku. Nikacheka nao, lakini moyoni nikanung'unika: waliopoteza lugha, adabu watakuwa nayo?

Mtaani humo maji ya mfereji huja kwa zamu. Saa nane za usiku nikasikia vishindo ngazini. Maji yamefunguliwa, na yule mwenye fomu anapandisha mitungi, nduguze wakimpokea. Wa kwanza aliuweka mlangoni pangu.

"Wa udhu, mjomba. Alfajiri huwa yamekatika."

Nikaona haya. Mimi niliwapima kwa ndimi zao. Wao walifikiria haja yangu. Wazazi wenzangu, tuyasikilize maneno ya vijana wetu, lakini tuitazame zaidi mikono yao.